Kura ya Maziwa ya Jioni

Kila mwaka kuna mtu hunipigia simu niende kuongea na vijana. Juzi walikuwa wanafunzi wa chuo kule Kabianga. Walinipa kiti cha mbele, wakanitambulisha hivi: "Huyu ni Mzee Okelo, mwanaume aliyewapigania akina mama wa maziwa mpaka wakapata kura." Makofi yakapigwa. Mimi nikatabasamu, nikapokea soda. Nimezeeka, soda sikatai.

Lakini nataka niwaambie ukweli, ili siku nyingine muulize vizuri kabla hamjamweka mtu mbele. Mimi ndiye niliyewaharibia wale akina mama mipango yao, na niliiharibu kwa kuwatetea. Kama siku ile ningekuwa nimelala nyumbani na homa, wangeipata kura bila barua ya mtu.

Kazi yangu ilikuwa kupima maziwa katika kituo cha chama cha ushirika, upande wa Boito, mahali majani chai yanaanzia mlangoni na kuendelea mpaka macho yachoke. Nilitoka kwetu ziwani nikiwa kijana, najua samaki tu. Aliyenifundisha ni mzee mmoja anaitwa Koros, ambaye pua yake ilikuwa na sifa kuliko yeye mwenyewe. Alikuwa akisema, "Okelo, fungua kifuniko, weka pua, halafu usifikiri. Ukifikiri umeharibu." Maziwa yanajisema hapo tu kifuniko kinapofunguka, pumzi ya kwanza. Ukikawia, harufu nzuri na mbaya zinachanganyika na utakubali chochote. Baada ya pua ndio unakuja na spiriti kidogo kwa kichupa: maziwa yakishikana vipande, yameanza kuchacha, rudisha. Mwisho ni laktomita, ile chupa ndefu inayoelea, ya kumkamata aliyepitia mtoni. Leo mna mashine inayosema yote kwa dakika moja. Sawa. Lakini mashine haijui aibu, na aibu ilikuwa nusu ya kazi yetu.

Kuna jambo moja nililificha nilipoandikwa kazi: tumbo langu halipatani na maziwa. Kikombe kimoja, na mimi na choo tunakuwa ndugu. Siri hiyo ilidumu siku nne. Siku ya tano alikuja mama mmoja mrefu, sauti kama kengele ya shule, anaitwa Mama Chebet. Nikanusa mkebe wake, nikasikia moshi. Nikasema kwa ukali wa mtu mgeni kazini, "Haya yameharibika. Rudisha."

"Yameharibika na nini?"

"Yananuka moshi."

Akina mama waliokuwa kwa foleni wakaanza kucheka. Mimi sikujua kwamba hapa watu husugua kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, kwa mkaa wa mti maalum, na kwamba mkono uliosugua kibuyu jana unaacha harufu kwa kila kitu unachoshika leo. Mama Chebet akachota kikombe, akaniwekea mkononi. "Kunywa. Kama imeharibika utakufa, na sisi tutakuzika vizuri."

Nilikunywa, kwa sababu foleni nzima ilikuwa inatazama. Robo saa baadaye nilikuwa nakimbia kupita majani chai nikishika mkanda. Tangu siku hiyo jina langu likawa Okelo wa Mbio. Ndivyo tulivyojuana na Mama Chebet.

Sasa sikilizeni mambo ya maziwa, maana bila haya hamtaelewa mengine. Katika boma nyingi huku, maziwa ya asubuhi yalikuwa ya mzee. Hayo ndiyo yaliyokuja kwa chama, kwa namba ya mzee, na mzee ndiye aliyekuwa mwanachama na ndiye aliyepiga kura kwenye mkutano wa mwaka. Mama alikamua, akaosha mkebe, akaubeba, akasimama kwa foleni na kutukanwa na Okelo. Maziwa ya jioni yalikuwa yake. Hayo ndiyo aliyowapa watoto, aliyotengenezea mursik, aliyompa jirani aliyejifungua. Hakuna aliyeyahesabu wala kuyauliza.

Halafu chama kikaleta tenki la baridi. Kamati, wanaume watupu, ikatangaza kwamba kuanzia sasa maziwa ya jioni pia yatapokelewa. Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee arap Mibei, mtu mpole, koti moja, kofia mbili. Alifurahia tenki lile kama bibi arusi. Wazee wakafurahi pia: namba zao zitanona. Akina mama walisikia habari wakiwa langoni, wakati mikebe yao bado iko kichwani. Hakuna aliyewauliza kitu, maana hawakuwa na kura.

Mama Chebet hakupiga kelele. Alienda kwa karani, akamwambia, "Niandikie namba ya jioni." Karani akafikiri ni utaratibu tu, namba moja ya asubuhi na nyingine ya jioni, akaandika jina lake. Kesho yake wakaja wawili. Wiki hiyo, wanane. Mimi niliona mara moja, kwa sababu sheria za chama zilikuwa nyuma ya mlango wangu, nilizibandika mwenyewe kwa uji wa ngano. Zilisema mtu yeyote atakayeleta maziwa kwa namba yake miezi sita bila kukatiza ni mwanachama kamili na atapiga kura. Mtu yeyote. Aliyeandika hakuwaza kwamba mwanamke pia ni mtu yeyote.

Walikuwa wanangoja miezi sita. Walileta maziwa kila jioni, wakasalimia, wakaenda zao. Hata mimi hawakuniambia, na hilo liliniuma kidogo. Nilijiona rafiki yao.

Mkutano wa mwaka ukafika wakiwa wamemaliza miezi minne. Mipango yao ilikuwa ya mkutano utakaofuata, kwa hivyo siku hiyo walikuwa nje wakipika chai ya wageni, kimya. Kazi yangu kwenye mkutano ilikuwa kusoma ripoti fupi kuhusu watu wanaoongeza maji. Lakini wiki ile nilikuwa nimesikiliza kipindi cha redio kuhusu wanawake wa ng'ambo waliopigania kura, na kichwa changu kilikuwa kimefura. Nilimaliza habari za maji, nikakataa kukaa.

"Waheshimiwa," nikasema, na mtanisamehe, sisi wa ziwani "sh" hutupotea tukipandwa na hasira, kwa hivyo ilitoka "wahesimiwa". "Duniani kote wanawake wamepigania kura! Kuna waliojifunga minyororo kwenye ua wa serikali! Kuna waliokataa kula jela!"

Mzee mmoja nyuma akauliza, "Hao walikuwa wanapeleka maziwa kituo gani?"

Watu wakacheka. Mimi nikaona wananidharau, nikapandisha sauti. "Na hata hapa kwetu hamtawazuia! Akina mama tayari wana namba zao za jioni. Bado miezi miwili tu wawe wanachama kamili!"

Mwenyekiti akavua kofia, akaniangalia kwa upole wake ule. "Okelo, hebu rudia hiyo ya mwisho."

Vijana, mimi nilirudia. Nilirudia kwa sauti kubwa zaidi, na nikaongeza ukurasa wa sheria.

Haikuchukua hata nusu saa. Walipitisha kwa kuinua mikono: namba ya mwanamke aliyeolewa haitahesabiwa mpaka mumewe alete barua ya ruhusa, na kuanzia kesho maziwa ya jioni yataingia kwa namba ya mzee. Nilipogeuka nilimwona Mama Chebet amesimama mlangoni na birika. Alikuwa amesikia yote. Aliingia, akamimina chai kwa kila mtu, mstari kwa mstari. Kikombe changu alikiruka.

Asubuhi alikuja wa kwanza. Hakufungua mkebe.

"Okelo, sisi tulikuomba uongee?"

"Hapana, lakini mimi nilitaka kuwasaidia..."

"Tulikuomba?"

"Hapana."

"Sasa ulikuwa unamwongelea nani? Maana mimi nina mdomo. Umeusikia."

Nikamwambia nitaandika barua kwa ofisi ya ushirika. Nitaenda kwa mchungaji. Nitafanya mkutano. Aliningoja nikamaliza zote, kama mtu anayengoja mvua ipite.

"Wewe uko na nini kwa mkono?" akauliza.

Nikaangalia. "Ufunguo."

"Basi. Jioni ufungue mlango saa kumi na moja, usichelewe hata siku moja. Upime sawasawa. Na unyamaze. Hiyo ya tatu ndiyo kubwa."

Nyumbani nilitaka kuonewa huruma. Mke wangu Akinyi alikuwa anakamua ng'ombe wetu mmoja, tuliyemfuga kwa kiploti tulichokodisha nyuma ya maduka. Nikamweleza jinsi nilivyosimama peke yangu kati ya wazee. Aliendelea kukamua.

"Umepigania kura ya wake za watu wote wa Boito," akasema. "Namba yangu mimi iko wapi?"

Sikuwa nimefikiria. Miaka yote ile maziwa yake yalikuwa yanaingia kwa namba ya jirani, kwa sababu mimi kama mfanyakazi sikuruhusiwa kuwa na namba. Sheria haikumkataza yeye. Ilikuwa nyuma ya mlango wangu, naisoma kila siku, na jina la mke wangu halikunijia hata mara moja. Hapo niliona aibu kuliko kwenye mkutano.

Basi akina mama wakaanza kutii. Chama kimesema maziwa ya jioni yaletwe kwa namba ya mzee? Walileta. Walileta yote. Watoto walikunywa vikombe vyao hapo hapo zizini kabla mkebe haujafungwa, na yaliyobaki, mpaka tone la mwisho, yakaingia kwa tenki. Hakuna ya chai. Hakuna ya mursik. Vibuyu vilisuguliwa vikaning'inizwa ukutani vitupu, vinang'aa.

Na hapa ni nchi ya majani chai. Mzee anayetoka shambani, amezungukwa na chai pande zote nne, anaketi kwake na kupewa turungi, chai bila maziwa. Nyeusi kama dawa. Akiuliza, anajibiwa kwa heshima zote: "Maziwa iko kwa namba yako, mzee."

Wiki ya kwanza wazee walicheka. Wiki ya pili waliacha kusalimiana vizuri. Wiki ya tatu, jioni, mwenyekiti alikuja kituoni peke yake. Kwenye mfuko wa koti niliona mshikio wa kikombe.

"Okelo, habari ya jioni."

"Nzuri, Mwenyekiti."

"Hiyo tenki imejaa?"

"Imejaa mpaka mdomoni."

Akaizunguka. Akaigusa. "Sasa tuseme kikombe kimoja hivi kimwagike..."

"Sheria ya chama, Mwenyekiti. Ikiingia imeingia."

Akakaa juu ya mkebe. "Okelo, kwangu ni turungi asubuhi, turungi jioni. Jana mchungaji alikuja. Mchungaji! Mama akampa turungi, akamwambia mbele yangu, 'Pasta, utusamehe, maziwa iko kwa namba ya mwenyekiti.'"

Hotuba ilinipanda kooni. Ilikuwa nzuri, vijana, nzuri kuliko ile ya mkutano. Nilikuwa na minyororo, nilikuwa na jela, nilikuwa na kila kitu. Lakini Mama Chebet alikuwa pale nje ya dirisha anasuuza mkebe, na mkono wake ulikuwa umesimama. Nikachukua kichupa kilichokuwa safi, nikakiosha tena. Nikakiosha mara tatu. Mwenyekiti alingoja niseme kitu ili apate mtu wa kubishana naye. Alipokosa, alisimama akaenda nyumbani kuongea na mwenye maneno yenyewe.

Barua ya kwanza ya ruhusa ilikuja kesho yake. Ilikuwa ya mwenyekiti kwa mkewe, na ilikuwa na alama ya duara ya kikombe. Mwisho wa mwezi karani alikuwa na faili nzima. Mimi pia niliandika ya Akinyi. Aliisoma, akairudisha. "Umeandika 'ninamruhusu'. Andika 'sina neno'." Nikaandika sina neno.

Mngefikiri mambo yaliishia hapo. Kamati ilikuwa na kipande kimoja cha mwisho: barua zitapokewa za wenyeji tu, zile za wake za watu waliokuja kufanya kazi zitaangaliwa baadaye. Yaani Akinyi na wengine wachache, wanawake wa ziwani wenye ng'ombe mmoja mmoja. Jioni hiyo akina mama walikaa kwenye nyasi mbele ya kituo kuzungumza. Mimi nilikuwa ndani na dirisha wazi. Nilimsikia Mama Chebet, Mama Chebet yule yule, akisema, "Tuchukue hii yetu kwanza. Bibi ya Okelo na wenzake tutawarudia." Wengi wakaitikia. Akinyi alikuwa ameketi hapo hapo kati yao.

Mkono wangu ulishika mlango. Naapa ulishika.

Lakini kulikuwa na mama mzee, tulimwita Kogo, yaani nyanya. Alikuwa mjane, namba ya marehemu mumewe ilimwangukia, kwa hivyo yeye alikuwa na kura siku zote na hakuhitaji barua ya mtu. Angeweza kukaa kwake. Aliacha lugha yao, akaongea Kiswahili makusudi, kile alichojifunza jikoni kwa Mzungu, ili Akinyi asikie.

"Mimi nilikuwa yaya kwa Mzungu wa chai," akasema. "Siku moja mama wa nyumba akavaa kofia, akaenda kupiga kura. Akarudi na furaha. Akaniambia, 'Sisi wanawake wa nchi hii tuna kura.' Mimi nimebeba mtoto wake kwa mgongo. Nikageuka nyuma kuangalia, nikafikiri kuna mwanamke mwingine amesimama."

Wakacheka kidogo, halafu wakaacha.

"Alisema wengine watafuata. Nilingoja mpaka yule mtoto wa mgongoni akaoa. Sasa, Mama Chebet, unataka kofia hiyo? Nikutafutie?"

Mama Chebet alikuwa anang'oa nyasi. Mwishowe akasema, "Basi faili iende moja." Na faili ikaenda moja, barua zote, na kamati ambayo bado ilikuwa inakumbuka turungi haikuwa na nguvu ya kuanza vita nyingine. Mimi nikauachilia mlango. Hakuna aliyejua nilikuwa nimeushika.

Maziwa ya jioni yakarudi kwa namba za akina mama, miezi sita ikapita, mkutano ukafika. Tulipiga kura uwanjani kwa shule ya msingi, kwa mlolongo: unasimama nyuma ya unayemtaka, unahesabiwa kama mikebe. Jambo la kwanza lilikuwa maziwa ya jioni yawe kwa namba ya mama, bila barua ya mtu. Mstari wa kukubali ulizunguka goli la mpira ukarudi. Hata wazee wengi walikuwamo. Kogo alikuwa ameletewa kigoda, akawa anasogezwa nacho.

Jambo la pili lilikuwa kiti cha kamati cha upande wetu. Mama Chebet alisimama kushindana na arap Mibei mwenyewe. Mimi nilikuwa pembeni na wafanyakazi wengine, sina kura, mikono nyuma, nina furaha kama baba wa bibi arusi. Mistari ikaanza kujipanga. Nikatafuta kitambaa cha Akinyi, cha manjano, kwa mstari wa Mama Chebet. Hakikuwepo. Nikatafuta tena. Kilikuwa kwa mstari wa arap Mibei, katikati, kimetulia.

Nikafikiri amekosea. Nikamfanyia ishara kwa mkono: mstari ule, ule! Akaniona. Akageuza uso, akasogea hatua moja mbele na foleni yake.

Arap Mibei alishinda kwa watu wanne.

Tulirudi nyumbani nikiwa nimevimba. Sikungoja hata tufike. "Baada ya yote yale? Turungi yote ile? Mama Chebet ndiye aliyeanzisha!"

"Najua."

"Sasa?"

"Mama Chebet ameniita bibi ya Okelo mwaka mzima. Arap Mibei alikuja juzi kwa ploti, akaniuliza jina langu, halafu akaniuliza tunateka maji wapi. Atatuwekea mfereji upande wetu."

"Hiyo ni siasa, Akinyi!"

"Nilifikiri ndiyo hiyo tulikuwa tunatafuta."

Mwaka uliofuata Mama Chebet alikuja kwa ploti, akaketi, akamwita kwa jina, wakaongea mpaka ng'ombe akalia kukamuliwa. Akashinda, na Akinyi akiwa wa tatu kwa mstari wake. Lakini siku ile ya kwanza sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba nimeumia. Nikamwambia, njiani, katikati ya majani chai, mbele ya watu waliokuwa wanatoka mkutanoni, "Mimi nimeteseka ili wewe upate kura!"

Akinyi akasimama, akaniangalia jinsi Koros alivyokuwa akiangalia maziwa.

"Okelo, ulitaka nipate kura, ama ulitaka uipate wewe?"